Je, Wajua? Gitaa la Dari na Vikopo vya Lipstiki

Mtu wa kwanza kulifungua gitaa langu hapa Dar es Salaam ni fundi redio mmoja wa Gerezani, mzee ambaye ujanani alipiga rithim kwenye bendi za dansi. Alililaza kifudifudi juu ya kanga kuukuu, akafungua skrubu moja moja huku akizipanga ndani ya kifuniko cha chupa. Akachungulia, kisha akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "umeuziwa dari."

Hakukosea sana. Gitaa lenyewe ni Silvertone la katikati ya miaka ya 1960, alilonitumia binamu yangu anayeishi Marekani, na bodi yake ni hadibodi: zile mbao nyembamba za kahawia zilizopigiliwa kwenye dari za nyumba nyingi za mjini kabla ya jipsamu kuingia. Na je, wajua kwamba hadibodi yenyewe ilianza kama takataka? Mwaka 1924, huko Laurel, Mississippi, William H. Mason alikuwa akitafuta cha kufanya na mabaki ya viwanda vya mbao. Akayapasua mabaki hayo kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, akazikandamiza nyuzinyuzi zake kwa joto, ukatoka ubao mgumu kiasi cha kugonga na kusikia ko, ko. Miaka 30 hivi baadaye mtu mwingine akautazama ubao huo akaona gitaa.

Mtu huyo aliitwa Nathan Daniel. Alianzisha kampuni ya Danelectro mwaka 1947 katika jimbo la New Jersey, akiwa ni fundi wa amplifaya. Mteja wake mkubwa alikuwa Sears, duka lililouza kwa kitabu cha bidhaa kilichofika kila kijiji cha Marekani: unafungua ukurasa wa matairi, unaupita wa magauni, unakuta gitaa, unatuma hela, mzigo unakuja kwa posta. Jina la Silvertone lilikuwa la Sears. Mikono iliyotengeneza ilikuwa ya wengine, na kuanzia mwaka 1954 mojawapo ilikuwa ya Daniel. Wenzake walikuwa wakichagua magogo ya mahogani na mepo. Yeye akachukua fremu ya mti mwepesi, akabandika hadibodi juu na chini, ubavuni akaficha mshono kwa utepe wa vinaili, basi. Kati ya hadibodi mbili ni hewa tupu. Ukilinyanyua baada ya kushika Gibson Les Paul utadhani limebaki ganda.

(Wanaodhani gitaa la umeme lilibuniwa na wapiga gitaa watashangaa pia kusikia habari za Leo Fender. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa.)

Ndani ya kikopo

Sasa tufike kwenye pikapu. Nasema pikapu ya gitaa, si ile ya kubebea nyanya. Kazi yake ni rahisi kueleza: sumaku, na juu yake waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka karibu na sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya, na amplifaya inaukuza. Ndiyo maana gitaa la umeme halihitaji tundu tumboni, na ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye pikapu ya aina hiyo.

Kiwanda chochote kingeagiza kifuniko cha pikapu kwa vipimo vyake. Daniel alinunua vikopo vya lipstiki. Ndiyo, vile vile ambavyo mama anavitoa kwenye mkoba kabla ya kwenda harusini. Kikopo kimoja huku, kingine kule, vinakutana katikati, ndani yake sumaku moja ndefu iliyoviringishiwa waya na utepe. Fundi wangu alipokitoa kimoja na kukishika kati ya vidole viwili, alinusa. Sijui alitegemea nini baada ya miaka karibu 60.

Kile kikopo kilichaguliwa kwa sababu kilikuwepo na kilikuwa bei chee. Lakini chuma chake kinachozunguka waya hupunguza makelele yanayotoka kwenye taa na nyaya za nyumba, na umbo lake jembamba linabana koili ndogo. Matokeo yake ni sauti angavu, nyembamba kidogo, yenye mlio wa kengele kwenye nyuzi za juu. Leo kuna watu wanaonunua pikapu mpya zilizotengenezwa kwa makusudi katika umbo la lipstiki na kuziweka kwenye magitaa yenye thamani mara kumi ya Silvertone. Mimi naamini hapo ndipo penye utamu wa vyombo hivi: Daniel alikuwa akiiwinda bei, na sauti ikaingia mtegoni bila kualikwa.

Kuna ujanja mwingine usioonekana. Kwenye magitaa mengi, ukichagua pikapu zote mbili kwa pamoja, zinaunganishwa sambamba, kila moja na njia yake. Danelectro iliziunganisha kwa mfululizo, umeme wa moja ukipitia kwenye nyingine. Ukisogeza swichi katikati, gitaa linapaza sauti ghafla kama mtu aliyechokozwa. Wapigaji wa solo hulitumia hilo bila kugusa volyumu.

Sanduku linaloimba

Je, wajua kwamba mtoto wa Kimarekani mwaka 1962 angeweza kununua gitaa la umeme, sanduku lake na amplifaya yake kwa dola 67.95, na vyote vitatu vikawa mzigo mmoja? Danelectro ilijenga spika na amplifaya ndani ya sanduku la kubebea gitaa. Unafungua, unatoa gitaa, unasimamisha sanduku, unachomeka waya, unaanza kuwasumbua majirani. Lile la bei ya chini kabisa, namba 1448, lilikuwa na pikapu moja. Langu ni kaka yake mwenye pikapu mbili.

Sanduku hilo limefundisha watu wengi kupiga gitaa, na amplifaya za rika lake zimewarusha wachache. Baadhi ya amplifaya za bei chee za enzi hizo hazikuwa na transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Umeme huo uliingia moja kwa moja kwenye saketi, na plagi ikichomekwa kinyume, mpigaji aliyeshika nyuzi za chuma anaweza kuwa sehemu ya saketi hiyo. Ukikutana na chombo cha namna hiyo, mpe fundi kabla ya kumpa mtoto.

Kuna tatizo la pili kwa sisi wa upande huu wa bahari. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 117 hivi. Wetu ni 230. Nilijua hilo. Nililijua vizuri kabisa, na bado Jumamosi moja jioni, kwa kiherehere cha kuwaonyesha wageni, nilichomeka sanduku kwenye ukuta bila transfoma ya kupunguzia. Valvu ziling'aa vizuri kwa sekunde mbili. Kisha pakanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Fundi alibadilisha fyuzi, valvu moja na kapasita mbili, na kwa miezi mingi akawa akinisalimia, "Vipi, umeme?"

Hata gitaa likiwa salama, litavuma. Pikapu ya koili moja ni antena: inanasa mtetemo wa umeme wa nyumba. Marekani umeme hutetemeka mara 60 kwa sekunde, na mvumo huo huangukia katikati ya noti za B bapa na B, mahali ambapo hakuna wimbo unaopapenda. Hapa Afrika Mashariki ni mara 50 kwa sekunde, karibu kabisa na noti ya G, ambayo ni 49. Kwa hiyo gitaa lile lile likivuka bahari, mvumo wake unashuka na kukaribia kuingia kwenye tyuni. Wimbo ukiwa kwenye G, unaweza kujifanya una mpiga besi wa ziada.

Namba chini ya kitufe

Wauzaji husema lolote kuhusu umri wa gitaa. Gitaa lenyewe halina sababu ya kudanganya. Chini ya vitufe vya volyumu na toni kuna vile vidude vya duara ambavyo mafundi huviita poteshomita, na mgongoni mwake mara nyingi pamegongwa namba. Tarakimu tatu za mwanzo ni za kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwenye langu tulisoma, kwa msaada wa tochi ya simu na miwani ya mzee, 1376511. Yaani CTS, mwaka 1965, wiki ya 11. Kidude kile kilitengenezwa mwezi Machi, kwa hiyo gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Linaweza kuwa la baadaye kidogo, maana viwanda vilinunua kwa jumla na kuweka stoo.

Ukisikia mtu anakuuzia gitaa "la mwaka 1958" na namba ndani inasema 64, msalimie vizuri na uondoke.

Danelectro haikudumu. Iliuzwa kwa kampuni ya MCA mwaka 1966, na mwaka 1969 kiwanda kikafungwa. Jina likafufuliwa miaka ya 1990 na watu wengine, na magitaa mapya ya hadibodi yanauzwa mpaka sasa.

Walioanzia hapa

Mwaka 1959, huko Seattle, Al Hendrix alimnunulia mwanawe gitaa lake la kwanza la umeme, Supro Ozark, chombo cha wanafunzi. Likaibwa. Lililofuata lilikuwa Danelectro lililouzwa kwa jina la Silvertone, na Jimi Hendrix alikuwa nalo hata alipokuwa askari wa miavuli huko Fort Campbell. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, basi akaligeuza juu chini. Jimmy Page wa Led Zeppelin, ambaye angeweza kupiga gitaa lolote alilotaka duniani, alisimama jukwaani na Danelectro walipopiga "Kashmir", kwa sababu alikuwa amelikazia nyuzi kwa namna ya pekee.

Lakini ninayempenda zaidi katika ukoo huu ni Hound Dog Taylor. Alitoka Mississippi akahamia Chicago, alikuwa na vidole sita mkononi, na alipiga gitaa la Kijapani la bei ya kutupa kupitia amplifaya iliyokuwa ikikoroma. Kijana mmoja, Bruce Iglauer, aliipenda sauti ile kiasi cha kuanzisha lebo yake ili airekodi. Santuri ilitoka mwaka 1971, na ndiyo ya kwanza ya Alligator Records. Mtu akikuambia sauti nzuri inahitaji gitaa ghali, mpigie santuri hiyo.

Magitaa hayo ya Kijapani yana kisa chao. Teisco ilianzishwa mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya vita, na kufikia miaka ya 1960 bidhaa zake zilijaa Marekani. Utalitambua kwa swichi. Mahali ambapo gitaa la kawaida lina swichi moja, Teisco ingeweka nne, kila moja na lebo yake, kama dashibodi ya basi la mkoa. Kwa miaka mingi vyombo hivyo vilichekwa. Kisha mpiga gitaa Ry Cooder akang'oa pikapu ya Teisco, ile yenye karatasi ya rangi ya dhahabu chini ya matundu ya kifuniko chake, akaiweka kwenye Stratocaster yake, na vicheko vikapungua. Siku hizi kuna wanaonunua Teisco zima kwa ajili ya pikapu tu, wakaacha bodi ife. Mimi naliona hilo kama kumchinja ng'ombe kwa ajili ya pembe.

Na Uingereza? Kuanzia 1951 hadi 1959 serikali yao ilizuia uingizaji wa ala za Kimarekani ili kuokoa dola, kwa hiyo vijana wa huko walikua wakiyaona magitaa ya Fender kwenye picha tu. Waliangukia vyombo vya Ulaya. Hata baada ya zuio kuondoka, bei ilibaki kizuizi. Paul McCartney alipokuwa Hamburg mwaka 1961 alinunua besi ya Höfner kwa takriban pauni 30, kwa sababu Fender ilikuwa ghali mno kwake, na kwa sababu umbo lake la fidla linafanana pande zote mbili, hivyo halikumwonyesha kituko yeye mpigaji wa kushoto. Besi hiyo iliibwa mwaka 1972 kutoka kwenye gari mjini London. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba amerudishiwa, baada ya kukutwa imelala kwenye dari ya nyumba ya watu. Nilipomsimulia fundi wangu kisa hiki, sehemu ya dari ndiyo iliyomfurahisha.

Rafiki wa McCartney, John Lennon, alianzia chini zaidi, na tena kwa chombo cha Afrika. Gitaa alilopiga kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton mwaka 1957, siku aliyokutana na McCartney, lilikuwa Gallotone Champion, gitaa kavu lililotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa kwa posta. Ndani yake palikuwa na lebo ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni laki moja.

Mwenye vyombo ni nani?

Huku kwetu habari ya kumiliki gitaa la umeme ilikwenda kwa mwendo tofauti kabisa. Kijana wa Ohio alikuwa na lake chini ya kitanda. Mpigaji wa Dar es Salaam au Morogoro, hata awe na jina linalotangazwa redioni kila siku, mara nyingi hakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ilikuwa ya chama, ya shirika au ya tajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vyake vivyo hivyo. Neno "mwenye vyombo" lina uzito wake hadi leo: akikasirika akavifungia, hakuna dansi. Mwanamuziki akihama bendi, anahama na vidole vyake peke yake, anakwenda kuzoea shingo ya gitaa jingine.

Ndiyo maana wengi walijifunzia kwa vya kuunda. Franco, kabla ya kuwa Franco wa OK Jazz, alikuwa mtoto wa Kinshasa mwenye gitaa la kopo na nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Ukiliweka kopo lile kando ya kikopo changu cha lipstiki, tofauti yao ni kiwanda tu.

Mzee wangu wa Gerezani anakumbuka gitaa la bendi yake kuliko anavyokumbuka mshahara. Lilikuwa jekundu, anasema, lina freti tatu zilizochakaa, na wapigaji watatu waliopokezana zamu kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuzikwepa. Nilimuuliza lilikuwa la kampuni gani. "La kampuni?" akashangaa. "Lilikuwa la bendi."

Chumvi na unyevu

Gitaa la hadibodi halikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini. Hadibodi ikilowa huvimba kama andazi, na haisinyai tena. Mimi nimelitundika kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na masika ninaweka pakiti za zile punje za kukausha unyevu, zinazokuja na viatu vipya, ndani ya sanduku lake. Nyuzi ndizo zinazopata taabu zaidi: hewa ya chumvi inazila kwa wiki chache. Kuzifuta kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga kunasaidia kuliko dawa yoyote ya dukani. Shingo, kwa bahati, haina pa kurekebisha. Ndani mna vyuma viwili vilivyokazwa kiwandani, basi, ikikunja imekunja. Yangu bado imenyooka.

Kasoro moja haina tiba ya bei nafuu. Kwenye magitaa ghali, kila uzi una kikalio chake cha chuma pale darajani, unachoweza kusogeza mpaka noti zote zikae sawa tangu freti ya kwanza hadi ya mwisho. Daniel aliweka kipande kimoja cha mti wa rozwudi kwa nyuzi zote sita. Ukipatanisha uzi wa kwanza, wa tatu unalalamika. Ukimsikiliza wa tatu, wa sita anakuja na kesi yake. Fundi amehangaika nacho. Amekisogeza kwa bisibisi, amekikata pembe kwa msasa, mara moja amekiegemeza kwa kijiti cha kiberiti.

Siku hizi anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili kuangalia lehemu yake, ingawa lehemu haina tatizo. Anavua viatu, anaketi kwenye mkeka, analichukua gitaa, anasogeza swichi katikati. Anapiga rithim ile ya zamani inayozunguka na kuzunguka bila haraka, akikwepa kwa kidole cha tatu freti ambayo kwenye gitaa langu haijachakaa hata kidogo. Akimaliza anaangalia daraja, anatikisa kichwa. Uzi wa tatu bado uko juu kidogo kwenye freti ya 12.